Seti nane kwa watu sitini: kisa cha kambi ya upasuaji wa ngiri na mabusha Pemba

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika hospitali moja ya wilaya kisiwani Pemba. Jina la hospitali, mwaka, nchi walikotoka wageni na kila kinachoweza kumtambulisha mgonjwa au mhudumu vimeondolewa. Nimekiandika kwa ajili ya wauguzi wa thieta (chumba cha upasuaji), mafundi wa vifaa tiba, madaktari wa wilaya, na wafadhili wanaopanga kambi za upasuaji wa bure. Nilikuwapo kwa upande wa vifaa, na ndiyo maana vifaa ndivyo nitakavyovisimamia zaidi.

Usuli

Wilaya hiyo ni ya wavuvi na wachuma karafuu. Mtu anayeburura nyavu au kupanda mkarafuu akiwa na ngiri huifunga kwa kitambaa kiunoni na kuendelea na kazi, mwaka hadi mwaka, mpaka siku inapobana na kukataa kurudi ndani. Busha lina historia yake. Sehemu kubwa ya mabusha ya visiwani yalitokana na minyoo ya matende inayosambazwa na mbu. Zanzibar ilianza kugawa dawa za ivamektini na albendazo kwa jamii nzima mwaka 2001, na maambukizo yakashuka sana. Lakini dawa zile huua vimelea vichanga vilivyomo kwenye damu ili mbu wasiendelee kuwasambaza. Busha lililokwisha kujaa maji halipungui kwa kidonge, linataka kisu. Kwa hiyo wapo wazee, na hata vijana wa makamo, waliobaki na mzigo wa maradhi ambayo kisiwa kimekwisha kuyapiga vita. Wengi huvaa kikoi kipana, huacha kukaa barazani, na hawamwambii mtu.

Hospitali yenyewe ilikuwa na thieta moja yenye meza mbili, daktari mmoja mwenye ujuzi wa upasuaji, wataalamu wawili wa usingizi, na wauguzi wa thieta wachache wakiongozwa na mama mmoja aliyekuwa na miaka mingi kazini. Mwaka 2015 Tume ya Upasuaji Duniani ya jarida la tiba la Lancet ilichagua operesheni tatu za kupimia kama hospitali ya ngazi hii iko tayari: kumtoa mtoto kwa upasuaji, kufungua tumbo kwa dharura, na kutibu mfupa uliovunjika na kutokeza nje. Hapo ile ya kwanza ilikuwa kazi ya kila wiki, ya pili ilifanyika inapobidi, na ya tatu mara nyingi ilipewa rufaa.

Vyombo vilikuwa hivi: seti tatu za uzazi, seti moja kubwa ya tumbo na seti mbili za ngiri. Mashine ya kutakasia vyombo kwa mvuke, otoklevu kama wote tunavyoiita, ilikuwa moja, ya wima, yenye mfuniko wa kubana kwa mkono. Haina pampu ya kuvuta hewa, wala haikaushi yenyewe. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari tangu 2010. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli, na aliyefanya kazi thieta siku zile anajua tofauti. Hata hivyo umeme hukatika, na volti hushuka jioni watu wanapowasha majiko na mafeni.

Mpango

Kikundi cha hisani kutoka nje, kikishirikiana na madaktari bingwa wawili kutoka Unguja, kiliomba kufanya kambi ya siku tano. Lengo lilikuwa watu 60, yaani 12 kwa siku kwenye meza mbili. Hesabu ilitokana na madaktari: wapasuaji wanne, kila operesheni karibu saa moja, meza mbili, siku ya saa saba. Kwenye karatasi ilikuwa sawa kabisa.

Wageni walileta seti sita za ngiri, wavu wa kuzibia ngiri, nyuzi za kushonea, mashine ya daiathemi ya kukatia na kuzuia damu kwa umeme, na otoklevu ndogo ya mezani yenye kasi. Mashine hiyo hufika nyuzi joto 134 na kumaliza kutakasa kwa dakika chache tu, ilhali ile ya hospitali hufanya kazi kwenye nyuzi 121, na mafurushi yaliyofungwa yanahitaji dakika 30 baada ya kufikia joto hilo. Mpango mzima uliegemea otoklevu hiyo ndogo. Hakuna aliyeandika hivyo popote, lakini ukiiondoa, watu 12 kwa siku hawatimii.

Masheha, yaani viongozi wa shehia, waliarifiwa, tangazo likasomwa misikitini baada ya swala ya Ijumaa, na majina 60 yakaandikwa baada ya uchunguzi. Tarehe iliwekwa nje ya msimu wa karafuu, uamuzi mzuri wa uongozi wa wilaya, kwa sababu aliyepasuliwa ngiri hapandi mti kwa wiki kadhaa, na hakuna mwenye mikarafuu atakayekubali kulala wakati karafuu zimeiva.

Kabla ya siku ya kwanza

Masanduku yalifunguliwa siku moja kabla. Fundi wa vifaa tiba wa hospitali, kijana mtulivu sana, aliigeuza ile otoklevu ya mezani na kusoma kibao cha nyuma: volti 120, hezi 60, wati 1,500. Umeme wetu ni volti 230, hezi 50 (hezi ni idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde). Wageni walijua kuhusu volti, na walikuja na transfoma. Transfoma ilikuwa ya wati 1,000. Ilipowashwa ikaanza kunuka kabla mashine haijapata joto, na fyuzi ikakata.

Akaazimwa transfoma kubwa kutoka karakana moja ya Chake Chake. Safari hii hita ilifanya kazi bila shida, kwa sababu hita haijali hezi. Pampu ya kuvuta hewa ndiyo iliyokataa. Mota iliyotengenezwa kwa hezi 60 ikipewa hezi 50 huzunguka polepole zaidi, takriban sehemu tano kati ya sita za kasi yake, na hupata moto. Mashine ilijipima, ikaona hewa haijatoka vya kutosha, ikaonyesha alama ya kosa na kusimama. Ilikuwa na haki kusimama: hewa ikibaki ndani, mvuke haufiki kila mahali, na chombo kinatoka cha moto lakini hakijatakasika.

Fundi aliikatia plagi, akaandika kwa wino mwekundu ISIWASHWE, na kuiweka stoo. Nataka msomaji aone jambo hilo. Kama angeiacha pale mezani na plagi yake, mtu mwingine angeichomeka ukutani moja kwa moja siku moja, na tungezungumza habari za moto.

Masanduku mengine mawili yalikuwa na vyombo vya upasuaji wa kamera vya kutumia mara moja, na hospitali haina mtambo wa kamera. Yalichukua nafasi kwenye mizigo ambayo ingeweza kubeba seti mbili za ngiri.

Siku ya kwanza

Watu 11 walifanyiwa upasuaji. Idadi hiyo ilimpa kila mtu matumaini ya uongo, kwa sababu seti zote nane zilikuwa zimetakaswa kabla, na mafurushi ya shuka na gauni yaliandaliwa wiki nzima. Siku ya kwanza ilikula akiba.

Mchana, mabusha mawili makubwa yalihitaji forsepsi nyingi za kubana mishipa kuliko zilizokuwa kwenye seti za wageni. Mmoja wa wauguzi wa kambi aliagiza forsepsi zichukuliwe kutoka seti mbili za uzazi. Zilichukuliwa, zikatumika, zikachanganywa na nyingine kwenye beseni la kuoshea. Seti ya tatu ya uzazi ilisalimika kwa sababu muuguzi mkuu alikuwa ameifungia kabatini na ufunguo alikuwa nao mfukoni.

Siku ya pili

Asubuhi otoklevu ya hospitali ilianza kulishwa mfululizo. Ili kuokoa wakati, mafurushi yalisukumwa manne na matano badala ya matatu, vyombo vizito vya chuma pamoja na shuka, na mfuniko ukawa unafunguliwa mara tu shinikizo la mvuke linaposhuka, badala ya kuachwa wazi kidogo kwa nusu saa ili joto likaushe.

Saa tano asubuhi muuguzi mkuu alipokea furushi la seti ya ngiri, akalinyanyua kwa kingo zake mbili juu ya meza. Tone la maji likaanguka. Akapapasa upande wa chini kwa nyuma ya mkono, kitambaa kilikuwa na unyevu wa upana wa kiganja. Akaliweka kando. La pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo.

Daktari bingwa mmoja alikuwa amekwisha kunawa. Akaonyesha mkanda uliofungia furushi, ambao mistari yake ilikuwa imegeuka nyeusi sawasawa.

"Dada, mkanda umegeuka. Tunangoja nini?"

"Mkanda unaniambia furushi limepita motoni, daktari. Hauniambii kama limekauka. Likiwa bichi namna hii, limenichafukia tangu nilipolishika."

Alikuwa sahihi, na sababu yake ni ya kifizikia. Kitambaa kikavu ni kizuizi. Kitambaa chenye maji huwa njia: vijidudu vya mkononi au vya mezani husafiri na unyevu kutoka nje kwenda ndani. Mkanda wa nje hubadilika rangi ukikutana na joto na mvuke, hivyo kazi yake ni kutenganisha lililopita mashineni na lisilopita, basi. Na kwa ngiri hatari ni kubwa zaidi kuliko kwa jipu au kidonda cha kawaida, kwa kuwa tunaacha wavu ndani ya mwili. Panapokuwa na kitu kigeni, vijidudu vichache vinatosha kuleta usaha, na wavu ukishaingiwa na vijidudu, mara nyingi kidonda hakiponi mpaka utolewe.

Nje walikuwa watu ambao hawajala tangu usiku. Mzee mmoja aliyeletwa na mjukuu wake kwa mashua alimwita nesi aliyekuwa akipita: "Mwanangu, mimi nimefunga tangu jana magharibi. Kama leo si zamu yangu, niambieni nile." Nesi akaingia ndani kuuliza, hakupata jibu, akatoka na kumwambia, "Babu, subiri kidogo." Alisubiri hadi alasiri, kisha akaambiwa ale. Katika siku zote tano, hilo ndilo lililonikera kuliko yote, kwa sababu jibu lilikuwa linajulikana tangu saa tano.

Siku ya pili walipasuliwa watu saba.

Usiku wa kuamkia siku ya tatu

Saa nne usiku aliletwa mama mwenye uchungu wa muda mrefu, mtoto amekwama. Seti ya kabatini ikafunguliwa, mama akapasuliwa, mtoto akatoka salama. Vyombo vikapelekwa kuoshwa.

Haijapita saa moja na nusu, leba, wodi ya wazazi, wakapiga simu tena: mama wa pili, mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka na hayapandi. Seti za uzazi zilikuwa tatu kwa hesabu, lakini hapakuwa na hata moja iliyokuwa tayari. Moja ilikuwa kwenye beseni, mbili zilikuwa zimepungukiwa forsepsi na hazijatakaswa tena.

Daktari wa hospitali alikuwa na njia mbili. Kutakasa seti ya uzazi bila kuifunga, ambako dakika 20 kwenye nyuzi 121 zinakubalika, lakini mashine ilikuwa imepoa, na kuipandisha joto kungefanya jumla karibu saa moja. Au kuchukua kimojawapo cha vitu vilivyokuwa tayari: seti mbili za ngiri za kambi, kavu, zilizoandaliwa kwa ajili ya wagonjwa wa kwanza wa asubuhi.

Alizihesabu kwa sauti mbele ya muuguzi: kisu kipo, mkasi upo, koleo la sindano lipo, forsepsi zipo. Lililokosekana ni retrakta, kile chombo kipana cha kuvutia nyama kando na kulinda kibofu, na vibanio vya kingo za mfuko wa uzazi. Akasema, "Mkono wako na kitambaa cha gozi ndiyo retrakta yetu leo." Furushi likafunguliwa. Mtoto alitoka amechoka, akapumuliwa kwa ambu, mfuko wa kusukumia hewa mapafuni, akalia. Mama hakupoteza damu nyingi. Mkuu wa kambi aliarifiwa asubuhi, na kwa heshima yake sikusikia neno la kulalamika.

Siku ya tatu hadi ya tano

Asubuhi ya siku ya tatu kazi ilichelewa kuanza, na kikao kifupi kiliitishwa chini ya mwembe nyuma ya thieta. Muuguzi mkuu alikuja na hesabu yake kwenye karatasi. Mzunguko mmoja wa otoklevu, kuanzia kupakia hadi vyombo vikauke na kupoa, ni karibu saa moja na dakika arobaini. Ukianza alfajiri ya saa kumi na mbili hadi saa kumi jioni, unapata mizunguko sita. Kila mzunguko mafurushi matatu. Kila operesheni inataka furushi la vyombo na furushi la shuka na gauni. Sita mara tatu, gawa kwa mbili: watu tisa kwa siku. Hakuna mpasuaji, hata awe hodari namna gani, atakayeipita hesabu hiyo.

Maamuzi yaliyofuata yalikuwa haya. Idadi ishushwe hadi tisa. Seti za uzazi zirudishiwe forsepsi zake kwanza, zitakaswe, zifungwe kwa kitambaa chekundu, na mtu yeyote asiziguse kwa ajili ya kambi. Orodha ipangwe upya: kwanza wenye ngiri inayobana au inayouma, kisha waliovuka maji kuja, kisha mabusha makubwa, na mabusha madogo yangoje. Kila asubuhi saa moja, wasiofikiwa waambiwe wale.

Mchana wa siku hiyo hiyo pedi za daiathemi zikaisha. Mashine yenyewe ilikuwa nzuri, inakubali volti 100 hadi 240, lakini ililetwa na pedi chache za kubandika pajani, za mtu mmoja mmoja, na hakuna duka Pemba la kuzinunua. Mtu mmoja alipendekeza zibandikwe tena zile zilizokwisha tumika. Daktari bingwa, yule yule aliyebishana juu ya mkanda, ndiye aliyekataa: gundi ikishakauka pedi hushika nusu, umeme wote unarudi kupitia sehemu ndogo ya ngozi, na mgonjwa aliyepigwa ganzi hasikii paja linavyoungua. Kuanzia hapo mishipa ilifungwa kwa uzi, mmoja mmoja. Busha lilichukua robo saa zaidi. Daktari wa hospitali, ambaye daiathemi yake ilikuwa imekatika waya muda mrefu, ndiye aliyewaongoza wengine, kwa sababu mikono yake ilikuwa imezoea.

Siku ya tatu walipasuliwa sita, ya nne tisa, ya tano wanane.

Matokeo

Watu 41 walifanyiwa upasuaji kati ya 60. Siku ya 30 wahudumu wa afya wa jamii, wakisaidiwa na masheha, waliwapata 39. Wawili walikuwa na usaha wa juu ya kidonda, wakafunguliwa nyuzi chache na kusafishwa hadi wakapona. Kwa bahati hakuna wavu ulioingiwa na vijidudu. Watatu wa mabusha walivilia damu, na mmoja wao alirudishwa thieta. Kwa idadi ndogo namna hii siwezi kudai kwamba mafurushi mabichi yangeleta usaha kwa fulani, wala kwamba kukosa daiathemi ndiko kulikovilisha damu. Mmoja wa wale watatu alipasuliwa siku ya kwanza, daiathemi ikiwapo.

Watu 19 walirudi nyumbani bila kupasuliwa. Wawili wao walikuwa wamewaambia wake zao tu kwamba wana busha, na sasa shehia nzima ilijua walikwenda hospitali na kurudi vile vile.

Uchambuzi

Kosa la msingi la mpango lilikuwa kuhesabu madaktari badala ya kuhesabu mizunguko ya otoklevu. Nimeona mipango ya kambi nyingi, na karibu yote huanza na jina la mpasuaji na tiketi yake ya ndege. Anayejua uwezo halisi wa thieta ni muuguzi anayepakia mashine, na hesabu ya muuguzi mkuu wa hapo ingepatikana kwa simu moja miezi mitatu kabla. Hakuna aliyempigia. Aliulizwa siku ya tatu, tena baada ya usiku ule.

Pili, kambi na kazi ya kila siku zilitumia vyombo vile vile, otoklevu ile ile na watu wale wale, lakini mpango ulizitazama kama vitu viwili mbalimbali. Hisani inayochukua forsepsi kutoka seti ya uzazi inamkopa mama ambaye hajafika bado, na hakuna aliyemwomba ruhusa. Ngiri nyingi zinaweza kungoja wiki. Mtoto ambaye moyo wake unashuka hangoji saa moja. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha kambi yoyote kiwe kama hospitali, katikati ya kambi, usiku wa manane, bado inaweza kufanya zile operesheni tatu kama ilivyoweza kabla wageni hawajafika. Hapa jibu lilikuwa hapana. Tuliokolewa na seti ya kabatini na ujasiri wa daktari mmoja.

Juu ya furushi bichi, swali ni nini kilimwezesha muuguzi kukataa mbele ya bingwa. Umri wake ulisaidia, na heshima ya watu wa hapo kwake. Lakini alikuwa pia na karatasi ukutani: orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa 2008, yenye vipengele 19. Kimojawapo, kinachosomwa kabla ya kisu kugusa ngozi, kinamtaka muuguzi athibitishe kwamba vyombo vimetakasika, pamoja na matokeo ya viashiria. Swali linaelekezwa kwake, si kwa mpasuaji. Siku ya kwanza orodha ile ilisomwa haraka haraka. Siku ya pili ilifanya kazi yake. Hospitali ambayo muuguzi wake ni mgeni au kijana isitegemee ushujaa. Iandike kabla, na mkuu wa kambi aseme mbele ya wote asubuhi ya kwanza, kwamba neno la muuguzi juu ya utakaso halikatiwi rufaa.

Kuhusu otoklevu iliyokataa, hali hiyo si ya Pemba peke yake. Uchunguzi wa watafiti Perry na Malkin uliochapishwa 2011 ulikuta karibu asilimia 40 ya vifaa tiba katika nchi zenye kipato kidogo havifanyi kazi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka huo huo juu ya misaada ya vifaa tiba unasisitiza jambo ambalo mafundi wetu wanalisema kila siku: anayepokea aulizwe kwanza. Watu wengi wanajua kuuliza volti. Wachache huuliza hezi, na wachache zaidi huuliza wati za transfoma, vipuri na vitu vya kutumia na kutupa. Daiathemi ya wageni ilikuwa ya kisasa na iliwaka vizuri, lakini iligeuka sanduku tupu siku ya tatu kwa kukosa pedi. Waya mpya wa daiathemi ya zamani ya hospitali, yenye bamba la kutumia tena na tena, ungefanya kazi kubwa zaidi na kwa bei ndogo.

Hapo pia niseme neno juu ya wavu. Mara nyingi wavu wa ngiri hutajwa kama ndio ughali wa operesheni hii. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Uganda uliolinganisha wavu wa bei ya juu na wavu wa kitambaa cha chandarua uliotakaswa, na baada ya mwaka mmoja matokeo hayakutofautiana kwa maana. Wavu rahisi basi unapatikana. Ila hata huo unataka otoklevu inayoaminika, na tunarudi pale pale kwenye mashine ya wima yenye mfuniko wa kubana kwa mkono.

Zanzibar imezoea wapasuaji wageni. Timu za madaktari kutoka jimbo la Jiangsu, China, zimekuwa zikija tangu 1964, na wao hukaa muda mrefu, wakajua umeme wetu, maji yetu na kabati lipi lina nini. Kambi ya siku tano haina wakati wa kujifunza hayo, kwa hiyo lazima iyachukue kwa wenyeji kabla ya kufunga mizigo.

Yaliyofaa ni mengi pia. Kubadilisha mpango katikati bila kutafuta wa kulaumiwa kuliokoa siku mbili za mwisho. Kupanga wagonjwa upya kwa uzito wa maradhi kuliwapa nafasi wenye ngiri za hatari. Na kwa mabusha, mkono uliozoea kufunga mshipa kwa uzi uligeuka chombo muhimu kuliko daiathemi. Ningependa kuona madaktari vijana wanaofundishwa na kambi hizi wakifundishwa hilo kwanza.

Kambi iliyofuata

Mwaka uliofuata kikundi kile kile kilirudi. Safari hii muuguzi mkuu na fundi ndio walioandika orodha ya mahitaji, na ilikuwa fupi: otoklevu ya pili ya wima ya volti 230, mipira ya mfuniko na hita za akiba kwa mashine zote mbili, waya wa daiathemi ya zamani, forsepsi 24 za kubana mishipa za chuma kizuri, na seti mbili za uzazi. Vyombo vya kamera havikuja. Idadi iliwekwa watu wanane kwa siku kwa siku sita, na seti mbili za uzazi pamoja na ile ya tumbo zikafungwa kitambaa chekundu tangu mwanzo. Walipasuliwa watu 46 kati ya 48, wawili waliobaki wakiwa na shinikizo la damu lililokuwa juu mno. Wakati wa kambi mama watatu walijifungua kwa upasuaji, kila mmoja kwa seti yake.

Wale 19 wa mwaka wa kwanza waliwekwa juu ya orodha. Kumi na watano walikuja na kupasuliwa, akiwamo yule mzee wa mashua. Mmoja alikuwa amekwisha kutibiwa Unguja, wawili walisema hawataki tena, na mmoja hajapatikana.